Bunduki Isiyo na Jina

Tarehe 25 Novemba 1918, jenerali wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck alisalimisha jeshi lake kwa Waingereza mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala, nchini Zambia. Ulaya ilikuwa imesimamisha vita wiki mbili kabla, lakini huku Afrika habari zilichelewa na watu wakaendelea kufa. Walioweka silaha chini siku hiyo walikuwa Wazungu 155 na askari Waafrika 1,168, na nyuma yao umati wa wapagazi, wanawake na watoto. Silaha zikahesabiwa: mzinga mmoja wa Kireno, bombomu 37, bunduki 1,071 na risasi 208,000. Kati ya bombomu hizo, saba tu zilikuwa za Kijerumani. Bunduki ziliandikwa kuwa za Kiingereza na za Kireno.

Jeshi la Mdachi, yaani la Mjerumani, lililopigana zaidi ya miaka minne kuanzia Tanga hadi Msumbiji na kurudi, lilimaliza vita likiwa limeshika bunduki za adui zake.

Anayetaka kujua asili ya bunduki kuukuu ya kijeshi katika nchi yetu na aanzie kwenye hesabu hiyo. Silaha ya namna hiyo ikiibuka Jorodom, au popote katika nyanda za Mbulu na Hanang, mtutu umeliwa na kutu, kitako kimebadilishwa, jina la kiwanda halisomeki, swali linalotangulia huwa moja: ni ya nani? Watu hujibu haraka kwamba ni ya Mjerumani, kwa kuwa ni ya zamani. Lakini swali hilo lina maswali mawili ndani yake. La kwanza ni chuma hicho kilifuliwa wapi. La pili ni kilifikaje hapa, na kwa mikono ya akina nani. La kwanza hujibiwa na chuma chenyewe, hata kama alama zake zimefutika. La pili hujibiwa na historia ya watu, na hiyo ndiyo tuliyoitunza kwa uzembe.

Kabla ya Mdachi

Bunduki hazikuja bara na Wajerumani. Zilikuja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa, zikipitia Zanzibar, Bagamoyo na Pangani. Za mwanzo zilikuwa gumegume, zilizowashwa kwa cheche ya jiwe, kisha zikaja zilizowashwa kwa fataki. Zote zilishindiliwa baruti na risasi kwa kupitia mdomo wa mtutu. Nyingi zilikuwa silaha ambazo majeshi ya Ulaya yalikuwa yameziacha. Kila mara nchi ya Ulaya ilipobadilisha silaha za jeshi lake, zile kuukuu ziliuzwa kwa bei ya chini, zikapakiwa melini na kutafutiwa soko Afrika na Uarabuni.

Mwaka 1888 balozi wa Uingereza mjini Zanzibar, Charles Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia upande huu wa Afrika kila mwaka. Miongoni mwake zilikuwamo zile za kisasa zaidi, zilizotiwa risasi kwa nyuma. Biashara hiyo iliwaogopesha wakoloni wenyewe. Mwezi Julai 1890 wakakubaliana mjini Brussels kuzuia silaha za kisasa zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika. Mkataba ule haukukusudia kumlinda Mwafrika dhidi ya vita, maana waliouandika waliendelea kuleta bunduki zao wenyewe. Ulikusudia kuhakikisha kwamba silaha bora inabaki upande mmoja.

Haikubaki. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, wapiganaji wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, waliuvamia msafara wa kijeshi wa Emil von Zelewski, wakamuua kamanda huyo na kulifyeka jeshi lake. Wahehe waliondoka na bunduki zipatazo 300 pamoja na mizinga. Kwa asubuhi moja, silaha za serikali ya Kijerumani zikawa silaha za Uhehe, na kwa miaka iliyofuata zikawaelekea wenyewe waliozileta. Mkwawa alijiua Julai 1898 badala ya kukamatwa. Bunduki zilizotekwa Lugalo zilitoka Ujerumani, lakini anayeziita za Kijerumani tu amelificha tukio kubwa kuliko yote katika maisha ya silaha hizo.

Modeli ya 71

Bunduki iliyomjenga askari wa Mdachi katika nchi hii ni Mauser ya mwaka 1871. Iliundwa na Paul Mauser pamoja na kaka yake Wilhelm wa mji wa Oberndorf, na ilipokewa na jeshi la Ujerumani mara baada ya vita vyake na Ufaransa. Ilikuwa bunduki ya risasi moja: unafungua komeo, unatia risasi, unafunga, unapiga, kisha unaanza upya. Risasi yake ilikuwa ya milimita 11, nene na nzito, na ilisukumwa na baruti nyeusi. Kila mlio ulitoa wingu la moshi mweupe lililomwonyesha adui mahali alipo mpigaji.

Kufikia 1914 Ujerumani ilikuwa imeiacha zamani. Wanajeshi wake wa Ulaya walibeba Mauser ya 1898, yenye risasi tano ndani na baruti isiyotoa moshi mwingi. Lakini katika koloni, jeshi la Kijerumani lililokuwa na Wazungu 260 na askari Waafrika 2,472, lililogawanywa katika kampuni 14, lilikuwa bado limeshika modeli ya 71 katika kampuni zake nyingi. Serikali ya Berlin haikuwa na haraka ya kumpa askari Mwafrika bunduki sawa na ya Mzungu.

Sasa tazama ramani ya kampuni hizo. Kampuni ya 1 ilikaa Arusha. Ya 13 ilikaa Kondoa-Irangi. Ya 4 ilikaa Kilimatinde. Nchi ya Mbulu na Hanang iko katikati ya vituo hivyo. Wadatoga na Wairaqw walizijua bunduki za askari hawa kabla ya vita kuu: ndizo zilizosimama nyuma ya kodi, nyuma ya kazi za kulazimishwa, na nyuma ya kunyang'anywa ng'ombe. Kwa hiyo bunduki ya milimita 11 ikionekana chini ya Mlima Hanang, haihitaji vita kuu kuielezea. Ingeweza kufika miaka mingi kabla, begani mwa askari aliyetumwa kukusanya kodi.

Kulikuwa pia na njia isiyo ya serikali. Baada ya kushindwa katika vita vyao na Waingereza kule Afrika Kusini, baadhi ya Makaburu walihamia kaskazini ya koloni ya Mjerumani, wakaanza kujenga mashamba karibu na Meru na Arusha kuanzia 1904 na 1905. Bunduki iliyokuwa imewapa sifa katika vita vile ilikuwa Mauser ya milimita 7, iliyotengenezwa Ujerumani kwa agizo la jamhuri zao. Chuma cha Kijerumani kingeweza hivyo kufika Manyara kikitokea kusini, bila kupita katika ghala la jeshi la Mjerumani hata mara moja.

Vita viligeuza kila kitu

Waingereza waliposhusha jeshi kubwa kutoka India mjini Tanga, Novemba 1914, walishindwa vibaya. Walipanda tena melini wakiacha ufukweni mali ambayo Lettow-Vorbeck hakuwahi kuisahau: kwa maelezo yake mwenyewe, bunduki za kisasa za kutosha kampuni zaidi ya tatu, bombomu 16 na risasi 600,000. Kuanzia wiki hiyo, Lee-Enfield ya Kiingereza ikawa silaha ya askari wa Mdachi. Ile ya 71 ikaanza kushuka daraja, kutoka kwa askari wa mstari wa mbele hadi kwa walinzi na wasaidizi.

Aprili 1915 meli iliyoitwa Rubens, iliyojificha chini ya jina na bendera ya Denmark, ilifika pwani ya kaskazini ya Tanga ikitokea Ujerumani. Manowari ya Kiingereza, Hyacinth, iliipiga kwa mizinga katika Ghuba ya Manza, ikazama katika maji yasiyo na kina. Wapagazi na wapiga mbizi waliiokoa shehena: bunduki mpya za modeli ya 98 na mamilioni ya risasi. Risasi nyingi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi, ikabidi zifunguliwe, baruti ianikwe, kisha zifungwe tena. Machi 1916 meli ya pili, Marie, ilifika Ghuba ya Sudi karibu na Lindi, ikashusha silaha na kuondoka salama.

Mwaka huohuo vita vikafika mlangoni mwa Hanang. Mapema Aprili 1916, Jenerali Jaap van Deventer na wapanda farasi wake wa Afrika Kusini walitoka upande wa Arusha, wakaizingira kampuni nzima ya Wajerumani katika mlima wa Lolkisale hadi ikajisalimisha, askari wake mamia pamoja na bunduki zao. Wakaendelea kusini kupitia Ufiome, katika nchi ya Babati ya leo, na katikati ya Aprili wakaingia Kondoa-Irangi. Mvua ya masika iliwakata nyuma yao. Farasi walikufa kwa mamia, chakula kikawa haba, na wanajeshi wakaugua.

Lettow-Vorbeck alileta kampuni zake kwa reli na kwa miguu. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Mei akashambulia Kondoa. Alishindwa kuiteka, na majeshi mawili yakabaki yakitazamana kwa wiki kadhaa, hadi alipoondoka mwishoni mwa Juni. Katika miezi hiyo mitatu, nchi hii iliona kwa pamoja bunduki za namna zote: modeli ya 71, modeli ya 98, Lee-Enfield zilizotekwa Tanga, na Lee-Enfield za Makaburu waliokuwa sasa chini ya bendera ya Uingereza. Askari walikufa, walitekwa, waliugua, wengine walitoroka. Kila mmoja kati yao alikuwa na bunduki, na si kila bunduki ilirudi ghalani.

Mwaka 1917 ulileta mkasa mwingine, usiosimuliwa sana mashuleni. Kapteni Max Wintgens alijitenga na jeshi kuu la Mjerumani kusini, akageuka kaskazini na mamia ya askari bila idhini ya mkuu wake. Mwezi Mei aliugua na kujisalimisha kwa Wabelgiji. Msaidizi wake, Heinrich Naumann, akalichukua kundi na kuendelea. Alivuka Reli ya Kati, akalizingira boma la Mkalama mwezi Juni, akapigana na Wabelgiji Ikoma mwishoni mwa mwezi huo, na mwishoni mwa Agosti akaingia Kondoa. Alikamatwa mwanzoni mwa Oktoba, akiwa amekimbizwa na vikosi vya Waingereza na Wabelgiji katika eneo kubwa kuliko nchi nyingi za Ulaya. Mkalama iko magharibi ya Hanang, Ikoma iko kaskazini, Kondoa iko kusini-mashariki. Mbulu na Hanang ziko katikati ya mzunguko huo. Waliofukuza na waliofukuzwa waliishi kwa chakula na mifugo ya wenyeji, na walichota silaha popote walipozikuta.

Wabelgiji waliongeza namna nyingine tena. Jeshi lao la Kongo lilikuwa limeanza vita na bunduki ya Albini, ya risasi moja, ya milimita 11.

Kisha, tarehe 25 Novemba 1917, Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma na kuivamia kambi ya Wareno Ngomano. Kamanda wao, Meja João Teixeira Pinto, aliuawa. Wajerumani walijipatia bunduki zipatazo 600 na risasi robo milioni, na wakatupa zile ambazo hawakuwa tena na risasi zake. Mwaka mmoja kamili baada ya siku hiyo, bunduki za Kireno zilikuwa katika lile rundo la Abercorn.

Kukisoma chuma

Baada ya njia zote hizo, mtu anawezaje kuitambua bunduki isiyo na jina? Ziko hatua, na mpangilio wake ni muhimu.

Jambo la kwanza si la historia. Bunduki kuukuu inaweza kuwa na risasi ndani miaka mia baadaye, na mtutu uliooza hupasuka usoni mwa anayejaribu kuupiga. Isielekezwe kwa mtu, isijaribiwe, isisafishwe kwa kukwaruzwa. Polisi waarifiwe, kwa sababu sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi haimruhusu raia kumiliki bunduki bila leseni, na urithi wa babu si leseni.

Kisha hupimwa kipenyo cha mtutu. Milimita 11 hutupeleka karne ya 19, kwenye baruti nyeusi. Karibu milimita 8 hutupeleka kwa Mauser ya 98. Milimita 7.7 ni ya Kiingereza. Milimita 6.5 ni ndogo kiasi kwamba tofauti yake huonekana kwa jicho. Lakini kipenyo peke yake hudanganya. Milimita 11 ni Mauser ya 71, ni Albini ya Wabelgiji, na pia ni Gras ya Ufaransa, ambayo biashara ya silaha iliisambaza sana katika Bahari ya Hindi. Milimita 6.5 ni bunduki ya Wareno, lakini pia ni Carcano ya Waitalia, na maelfu ya Carcano yalitekwa Ethiopia na Somalia mwaka 1941, katika vita ambavyo vijana wa Tanganyika walipigana wakiwa askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza.

Kwa hiyo mtaalamu hutazama ndani ya mtutu. Bunduki ya kijeshi ina mifereji iliyochongwa kwa kuzunguka, ili risasi itoke ikijisokota na kwenda moja kwa moja. Mauser ina mifereji minne inayozunguka kulia. Lee-Enfield ina mifereji mitano inayozunguka kushoto. Mfua chuma wa kijijini hawezi kuichonga mifereji hiyo kwa urahisi, ndiyo sababu gobore la kienyeji huwa na mtutu laini ndani. Mtutu ukiwa na mifereji iliyochongwa vizuri, umetoka kiwandani, hata kama kila kitu kingine kimeundwa upya nyumbani.

Baada ya mtutu huja komeo, kile chuma cha kufungia risasi, na sanduku la risasi. Modeli ya 71 haina sanduku kabisa, na nyuma ya komeo lake kuna kizuizi kinachogeuzwa kama bawa. Mauser ya 98 hufungwa kwa meno mawili mbele ya komeo na la tatu nyuma, na sanduku lake la risasi tano limezama ndani ya mbao. Lee-Enfield hufungwa kwa meno ya nyuma, ina sanduku la risasi kumi linalojitokeza chini, na mbao zake ni vipande viwili: kitako peke yake, na mbao ya mbele peke yake. Ya Wareno, iliyotengenezwa Berlin kwa agizo lao la 1904, inafanana na Mauser kwa umbo, lakini mpini wa komeo lake hupita katika mwanya uliokatwa juu ya mwili wa bunduki. Carcano hutambulika kwa sanduku la risasi sita lililoshuka mbele ya kifyatulio. Hakuna kati ya mambo haya yanayohitaji maandishi. Mwizi au mtoro anaweza kufuta jina kwa tupa, lakini hawezi kuhamisha meno ya komeo.

Kitako nacho kina habari. Lee-Enfield fupi ina bamba la shaba mwishoni mwa kitako, na ubavuni ilikuwa na kibati cha shaba chenye alama ya kikosi. Kibati kikiwa kimeng'olewa, tundu lake hubaki. Mbao ikiwa ni mninga au mti mwingine wa hapa, basi kuna fundi wa hapa aliyeifanyia kazi, na bunduki hiyo iliishi miaka mingi mikononi mwa raia baada ya kutoka jeshini. Kwa anayetafuta bei, mbao hiyo ni kasoro. Kwa anayetafuta historia ya Mbulu, ndiyo sehemu iliyo ya Mbulu.

Mwisho hutafutwa alama zilizofichika. Kwenye Mauser ya 98, kiwanda na mwaka vilipigwa juu ya mwili wa bunduki, mahali mtutu unapoingia: Spandau, Danzig, Erfurt, Amberg, au jina la kampuni binafsi. Kwenye Lee-Enfield, taji, herufi za mfalme, kiwanda na mwaka viko ubavuni, chini ya komeo, pamoja na mshale mdogo wa mali ya serikali. Kwenye ile ya Kireno ilipigwa nembo ya Mfalme Carlos wa Kwanza, aliyeuawa Lisbon mwaka 1908. Mahali hapo pakiwa tupu, zipo alama nyingine zilizofunikwa na mbao, ambazo kutu na mikono havikuzifikia. Na hata namba iliyofutwa kwa tupa inaweza kurudi, kwa sababu chuma kikipigwa muhuri hubanwa hadi chini ya herufi, na maabara ya polisi inaweza kuidhihirisha kwa dawa.

Kwa nini alama zilipotea

Kutu inaeleza sehemu tu. Baada ya vita, Waingereza walichukua nchi na kuiita Tanganyika, na utawala wao ulimruhusu Mwafrika wa kawaida kumiliki gobore kwa urahisi zaidi kuliko bunduki ya kijeshi. Mtu aliyeokota Mauser porini alikuwa na kitu ambacho hakuwa na ruhusa nacho. Aliweza kukisalimisha, kukifukia, kukificha darini, au kukibadilisha sura. Jina na namba vikawa ushahidi dhidi yake. Alama nyingi hazikufutwa na majangili wa leo. Zilifutwa na hofu ya mtu aliyekuwa akitafuta nyama na kulinda ng'ombe chini ya serikali asiyoichagua.

Nchi hii pia ina mafundi wa chuma. Wahunzi wa Kidatoga wa upande wa Ziwa Eyasi wanajulikana hadi leo kwa kufua visu, bangili na vichwa vya mishale kutokana na vyuma chakavu, na kuwauzia Wahadzabe na majirani wengine. Mahali penye ustadi kama huo, bunduki iliyoharibika haitupwi. Mtutu huendelea kutumika hata kama komeo limekufa, na vipande vya silaha mbili huweza kuwa silaha moja. Ndiyo maana anayesema "hii ni ya mwaka fulani" baada ya kuona alama moja tu anakosea mara nyingi. Kila kipande kiulizwe peke yake.

Leo sheria imekuja kwa upande mwingine. Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini tarehe 21 Aprili 2004, inazitaka nchi za eneo letu, Tanzania ikiwamo, kupiga alama kila silaha na kutunza kumbukumbu zake. Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha ili wenye silaha zisizo halali wazisalimishe bila kushtakiwa. Hilo ni jambo jema, kwa sababu magobore na bunduki kuukuu bado zinaua watu na tembo. Lakini silaha inayosalimishwa kwa msamaha hupokewa bila maswali, na baadaye hukusanywa pamoja na nyingine ili iteketezwe. Moto ule unateketeza hatari. Usipotanguliwa na kalamu, unateketeza pia ushahidi.

Ushahidi huo ni wa nani? Majina ya maofisa wa vita vile tunayo: Lettow-Vorbeck, van Deventer, Wintgens, Naumann. Waliandika vitabu au waliandikiwa. Askari 1,168 wa Abercorn hawakuandika. Wapagazi wa upande wa Uingereza, ambao si chini ya 95,000 walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu, hawana makaburi yenye majina. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inamwonyesha mmoja ameshika bunduki yenye singe, na hata yeye hana jina. Katika Mbulu na Hanang, waliopokonywa ng'ombe kulisha majeshi mawili hawako katika orodha yoyote ya mashujaa. Bunduki iliyobaki katika ukoo mara nyingi ndiyo kitu pekee kinachoweza kumfanya mzee aseme: hii aliirudisha babu alipotoka Kondoa, au hii aliibadilisha kwa mtamba na askari aliyekuwa anakimbia.

Ombi langu ni dogo na halivunji sheria yoyote. Silaha kuukuu ikisalimishwa wilayani, kabla haijapelekwa kuharibiwa, ipigwe picha, ipimwe mtutu, itazamwe komeo na chini ya mbao. Kisha aliyeileta aulizwe, chini ya ulinzi uleule wa msamaha, maswali manne: ilipatikana wapi, nani aliishika kwanza katika ukoo wenu, alifanya kazi gani wakati ule, na alisimulia nini juu yake. Nakala ya majibu ipelekwe Makumbusho ya Taifa, au Arusha, ambako boma lenyewe la Mjerumani lililojengwa mwaka 1900 sasa ni makumbusho. Walimu wa historia wa Katesh na Mbulu wanaweza kuifanya kazi hiyo na wanafunzi wao, kwa kuwahoji wazee tu, bila kugusa silaha.

Mafundi wa Ulaya wanaweza kutueleza kwa picha moja ikiwa chuma kilifuliwa Spandau au Enfield, na majibu hayo yatapatikana hata miaka 50 ijayo, kwa sababu silaha za viwanda vile zimeandikwa vitabuni. Jibu la swali la pili halina kitabu. Liko kwa wajukuu wa watu waliokuwa watoto mwaka 1917, na wajukuu hao sasa ni wazee. Karatasi moja yenye maneno yao itakuwa na thamani kuliko bunduki yenyewe, maana ndiyo itakayotaja, kwa mara ya kwanza, jina la Mwafrika aliyeibeba.